Jurassic Park ya 1993 na Jurassic World ya 2015: kama una usiku mmoja tu, uwashe ipi?

Ijumaa mpwa wangu wa miaka 11 alikuja na flashi mkononi, kaingiziwa muvi mbili pale kwa jamaa wa stendi, zote za dainosa, moja ya 1993 nyingine ya 2015, akaniuliza anko tuanze na ipi maana umeme wenyewe siku hizi ukiwaka unaanza kuhesabu masaa. Nikamwambia tuanze na ya zamani. Akanuna kabisa. Kwake yeye muvi iliyotoka kabla mama yake hajaanza hata chekechea haiwezi kuwa na kitu, afu kwenye ile mpya kashaona trela, kuna dubwana linaruka toka kwenye maji linameza papa mzima watu wamekaa wanapiga makofi.

Sikumlazimisha, nilimweleza kwanza. Na nilichomweleza ndo naandika hapa kwa kirefu kidogo, kwa sababu swali lake naulizwa na watu wazima pia, mtu ana bando la kudaunlodi kitu kimoja anataka aambiwe kipi, na kwa sababu hili la kujaza picha za kompyuta kwenye muvi mpaka mtu huoni tena mtu linaniuma kweli. Napenda sinema toka niko mdogo, nimekaa kwenye mabenchi ya vibanda umiza miaka na miaka, najua watu wakishtuka wanashtukaje na wakichoka wanachokaje.

Kwa juu juu zinafanana sana. Zote zinahusu mbuga ya dainosa kisiwani, wanyama wanatoroka, kuna watoto wawili ndugu wamepotea humo ndani, kuna stelingi anawajua wanyama kuliko matajiri wenye mbuga. Hata urefu ni uleule, ya zamani dakika 127 na mpya 124. Ya zamani kaiongoza Steven Spielberg kwa bajeti ya kama dola milioni 63, mpya kaiongoza Colin Trevorrow kwa kama dola milioni 150, na Spielberg yumo kama mzalishaji. Zote zimeingiza hela za kutisha, mpya ilipita dola bilioni 1.6 duniani. Kwa hiyo kama unachagua kwa umaarufu hakuna ya kuikosea.

Tofauti iko kwenye wanyama wenyewe, walitengenezwa na nini na tunaonyeshwa kwa kiasi gani.

Watu wengi wakisikia Jurassic Park wanakumbuka dainosa kila sehemu. Ukihesabu, dainosa wanaonekana kama dakika 15 tu kwenye muvi ya zaidi ya masaa mawili, na kati ya hizo zilizotengenezwa na kompyuta ni kama dakika 6. Sita! Zilizobaki ni madubwana ya kweli kweli, ya chuma na raba na mipira ya sponji, yaliyojengwa na karakana ya Stan Winston, yanasogezwa na mota na mafuta ya haidroliki kama mashine za barabarani, na sehemu zingine ni mtu kavaa gozi la mnyama anatembea kainama, kwenye ile sini ya jikoni watoto wamejificha kati ya makabati mara kadhaa unayemuona ni binadamu ndani ya gozi. T. rex wao, yule dainosa mkubwa mla nyama, alikuwa na urefu wa kama mita 12, zima, linasimama studio na uzito wa tani kadhaa, na mvua ya ile sini ya usiku ilikuwa tatizo kubwa kwao kwa sababu ngozi ya sponji ilikuwa inanyonya maji, dude likizidi uzito linaanza kutetemeka lenyewe, ikabidi kila wakipumzika watu wapande na mataulo kulikausha.

Hebu fikiria hiyo kazi. Kumfuta mdudu wa tani kadhaa kwa taulo ili aweze kuigiza.

Sasa faida yake ni nini kwa wewe mtazamaji unayekula karanga zako? Faida ni uzito. Jicho la mtu linajua uzito hata kama mwenyewe hajui kama analijua hilo. Mtu aliyepita Mikumi na basi akakuta tembo anavuka barabara anajua ninachosema, basi linasimama, watu wote wananyamaza, unaona ule mguu unavyotanuka ukigusa lami, ngozi ya tumbo inavyochelewa kidogo kufuata mwili, vumbi linavyotoka, na hakuna aliyekufundisha lakini ungeletewa tembo wa uongo hapo ungemjua sekunde ileile. Kwenye muvi ni hivyohivyo. Lile T. rex likiweka kichwa juu ya gari, gari linalala. Mvua inagonga ngozi inatiririka kwenye mikunjo, taa inapiga mboni ya jicho mboni inasinyaa. Wale watoto mle ndani wanasukuma kioo cha juu kwa mikono na miguu na upande wa pili wa kioo kuna meno, kitu kipo pale mbele yao, hawaigizi kutazama hewa.

Na kabla hata halijatokea kuna ile gilasi ya maji. Ukiiona utaielewa. Gari limesimama, kimya, gilasi mbili za maji zipo kwenye dashibodi na maji yanaanza kuchora vimduara, kimoja, afu kingine, afu kingine. Mnyama hayupo kwenye picha kabisa. Unajua walifanyaje? Walifunga uzi wa gitaa chini ya dashibodi, mtu kalala chini ya gari anaupiga. Uzi wa gitaa! Mimi nimeiona hiyo sini zaidi ya mara kumi na mpaka leo tumbo linajikunja, na haina gharama yoyote ukilinganisha na hela zinazomwagwa sa hivi kuonyesha dubwana mwanzo mwisho mchana kweupe.

Tuje kwa mpya. Kule karibu wanyama wote ni wa kompyuta. Nasema karibu wote kwa sababu yupo mmoja aliyejengwa, na huyo nitamrudia, ni muhimu kuliko wote. Hawa wa kompyuta ukiwatazama mmoja mmoja wametengenezwa vizuri sana, magamba, mate, macho, kila kitu, kazi ya watu wenye ujuzi mkubwa. Shida inaanza wanapokuwa wengi na wanapoonyeshwa bila kukoma. Wanarukaruka, wanazunguka, kamera inapita katikati ya miguu yao inapanda juu inashuka, sehemu ambayo hakuna mpiga picha angeweza kusimama akabaki hai, na ubongo wako unakwambia polepole kwamba hapa hakuna mtu, hapa hakuna kamera, hapa hakuna hatari. Kwenye ile ya zamani kamera imekaa pale mtu angekaa. Iko ndani ya gari na watoto. Iko chini ya meza.

Ndo maana kuna ile sini ya wale wenye mabawa wanavamia umati wa watu, yule dada msaidizi ananyanyuliwa, anarushwa juu, anadakwa na mwingine, anazamishwa kwenye maji, anatolewa, mwisho anamezwa na lile la majini. Ni ndefu na ina kila kitu. Lakini mimi nilipoiangalia mara ya kwanza tulikuwa watu kama ishirini kibandani na hakuna aliyeshtuka, watu walikuwa wanacheka, na muvi yenyewe haimlilii, inaendelea tu na safari. Linganisha na yule mwanasheria wa ile ya zamani aliyekimbilia chooni, anachukuliwa kwa sekunde chache, basi, na kibanda kizima watu walipiga kelele.

Sasa huyu mmoja aliyejengwa. Katikati ya Jurassic World stelingi na yule dada bosi wanakuta uwanja una dainosa wa shingo ndefu waliouawa, na mmoja bado anakata roho. Wanapiga magoti kichwani kwake. Dada anaweka mkono kwenye shavu la yule mnyama, jicho linasogea taratibu, pumzi inatoka kwa shida, afu inakata. Kile kichwa na shingo ni kitu kilichojengwa, kazi ya Legacy Effects, karakana iliyoanzishwa na waliokuwa wanafunzi na mafundi wa Stan Winston baada ya mzee kufariki 2008. Hiyo ndo sini pekee ya muvi nzima iliyonifanya nimeze mate. Waigizaji wenyewe unawaona wamebadilika, sauti imeshuka, mikono imetulia, kwa sababu kuna kitu cha kushika. Sehemu zingine nyingi wanaangalia mpira wa tenisi juu ya fimbo au hata hamna, wanaambiwa tu angalia pale, shtuka, kimbia.

Ile ya zamani ina mwenzake, yule mwenye pembe tatu aliyelala anaumwa. Daktari Grant, yule stelingi mtaalamu wa dainosa, anajilaza juu ya ubavu wake na ubavu unapanda na kushuka, na yeye mwenyewe anapanda na kushuka nao, anacheka kama mtoto. Walimjenga mzima wakampeleka Kauai kule Hawaii akalazwa kwenye nyasi. Hapo ndo mpwa wangu aliyekuwa kanuna aliniuliza, anko, huyu walimpata wapi? Swali hilo hakuuliza hata mara moja kwenye ile nyingine tulipoiangalia Jumapili, na aliipenda, sisemi hakuipenda.

Naomba nisieleweke vibaya hapa maana kuna watu wakisikia hivi wanaanza kutukana kompyuta. Jurassic Park ndo muvi iliyoonyesha dunia kompyuta inaweza nini. Mpango wa kwanza ilikuwa wale wanyama wanaotembea na kukimbia watengenezwe kwa vinyago vidogo vinavyosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja, kazi aliyokuwa bingwa wake Phil Tippett, lakini vijana wa ILM, kampuni ya efekti za muvi, wakatengeneza jaribio la mifupa ya T. rex inatembea kwenye kompyuta, Spielberg alipoliona mpango ukaanza kubadilika. Tippett alijua kabisa kazi yake ya miaka imeishia pale. Hawakumtupa lakini, walimbakiza awafundishe wale wa kompyuta mnyama anavyotembea, anavyogeuza shingo, anavyosita kabla ya kurukia. Wakapelekwa mpaka darasa la kuigiza bila maneno, wakawa wanakimbia huko nje kama lile kundi la dainosa wadogo ili waelewe mwili. Kwa hiyo hata zile dakika 6 za kompyuta nyuma yake kuna mtu aliyekimbia kwa miguu yake na mtu aliyeshika vinyago miaka ishirini. Hapo ndo penye siri, na hapo ndo studio nyingi sa hivi zinakwepa, zinaona kompyuta ni njia ya kutokuamua mapema, tupige tu picha mbele ya kitambaa cha kijani, dubwana tutaliweka baadaye, kama halijapendeza tutabadilisha wiki mbili kabla ya kutoka.

Na wanaoumia ni haohao mafundi. Rhythm & Hues, kampuni iliyotengeneza yule chui milia wa Life of Pi, iliomba kulindwa kwa kufilisika Februari 2013, na mwezi huohuo muvi ikachukua Oscar ya efekti. Oscar ipo na kampuni imekufa. Kwa hiyo ninaposema picha za kompyuta zimezidi simlaumu kijana aliyekesha kwenye kiti anapaka magamba, namlaumu aliyemwambia paka elfu moja zaidi bila sababu.

Mfano mzuri wa jinsi ya kuchanganya ni Mad Max: Fury Road, ya 2015 hiyohiyo. Ilipigwa jangwani Namibia, magari ya kweli, wanaume wa kweli wananing'inia kwenye nguzo juu ya malori yanayokimbia, na bado ina kama shoti 2,000 zilizoguswa na kompyuta, kufuta nyaya, kuondoa mkono wa dada shujaa ambaye kwenye hadithi ana mkono mmoja, kuongeza anga na dhoruba. Haikusumbui kitu kwa sababu katikati ya picha daima kuna chuma na mtu. Nyingine za siku hizi zinatangazwa eti hatukutumia kompyuta, mjichunge na hayo matangazo, Top Gun: Maverick ilisifiwa hivyo na ina shoti za kompyuta zaidi ya 2,000 nayo. Kipimo changu mimi ni kimoja, mwigizaji anaangalia nini? Macho yake yakitua mahali, naamini.

Turudi kwenye uchaguzi, na niwe mkweli kuhusu mabaya ya ile ninayoipenda. Jurassic Park inaanza taratibu. Inafika kama saa nzima ndo T. rex anatoka kwenye uzio, kabla ya hapo ni watu wanaongea, wanakula, wanabishana kuhusu sayansi, na mtoto wa sa hivi aliyezoea vidio za sekunde 30 atakusumbua. Yule wa shingo ndefu wa mwanzo mchana kweupe, kwenye tivii kubwa za sasa anaonekana laini laini kama kabandikwa, umri umemfikia. Na ule uzio, T. rex anatoka anatembea kwenye usawa wa barabara, dakika chache baadaye palepale pamekuwa shimo refu gari linaanguka. Nimeirudia mara nyingi sijaelewa shimo limetoka wapi. Ila usiku, mvua, uko ndani ya hiyo sini, hutalifikiria hilo, utalifikiria kesho yake unapiga mswaki.

Jurassic World nayo ina mazuri yake. Ni ya kwanza kati ya hizi mbili inayoonyesha mbuga imefunguliwa kweli, watu maelfu, watoto wamepanda dainosa wadogo kama punda, lile la majini linarusha maji mpaka jukwaani, na hiyo nusu saa ya kwanza inapendeza sana. Mbio zake ni za haraka, hakuna sehemu ya kusinzia. Kama mna watoto wengi chumbani, makelele, watu wanaingia na kutoka, mmoja anaenda kununua chapati mwingine anampigia mama simu, washeni hiyo, haidai utulivu wako na ukikosa dakika kumi hujakosa kitu. Kwa birthday ya mtoto hiyo hiyo, usifikirie mara mbili. Na kama wewe ni mtu wa kupenda mapambano ya mwisho, yale ya mpya ni makubwa zaidi, T. rex yuleyule mzee anarudi kupigana na lile dubwana la kuchanganywa maabara, na kamera inawazunguka tu. Mimi yananichosha, ila mdogo wangu anayapenda mpaka anasimama.

Sauti sijaigusa na sitakaa sana hapo, zote ziko poa, ila ule mlio wa T. rex wa 1993 ulitengenezwa na Gary Rydstrom kwa kuchanganya mtoto wa tembo, chui milia na mamba, na ukiusikiliza kwenye spika ya maana unamsikia tembo mle ndani kabisa. Kwenye spika ya simu utapoteza nusu ya muvi. Hilo nalo liwe kigezo, kama una simu tu na earphone za kuazima, chukua mpya, rangi zake zinabeba hata kwenye skrini ndogo.

Lakini kama una tivii, una usiku mmoja, mpo wawili au watatu mnaoweza kukaa kimya, umeme upo, chukua ya 1993. Zima taa ya sebuleni. Simu weka chumbani, siyo mezani ikiwa imelazwa, chumbani. Wale wadogo chini ya miaka 8 walale kwanza maana yule mwanasheria na lile la jikoni watakuja kukusumbua saa nane usiku. Saa nzima ya kwanza vumilia, sikiliza wanachobishana maana kinarudi baadaye. Na gari zikisimama kwenye mvua pembeni ya uzio, ukaona ile gilasi ya maji, usimwambie mtu kitakachotokea.